Mfupa Unaonata Ulimini

Kazini walimwita Brashi, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuonja wafu.

Usikunje uso. Wachimbaji wakileta bonge la udongo mgumu lenye kitu cheusi ndani yake, na haijulikani kama ni jiwe au ni mfupa, njia ya mkato ni kukigusisha ncha ya ulimi. Jiwe linateleza. Mfupa wa kale unanata, kwa sababu umejaa vitundu vidogo vinavyonyonya mate. Brashi alifundishwa hayo na bibi aliyemwachia kiti alipostaafu. "Ukinata," bibi alimwambia, "tema mate pembeni, umwombe radhi mwenyewe, uendelee na kazi." Kutema mate Brashi aliacha mapema, maana huwezi kutema kutwa nzima kama mla tumbaku. Kuomba radhi hakuacha.

Chumba chao kilikuwa nyuma kabisa ya jengo la makumbusho, na dirisha lake moja lilitazama ukuta. Kulikuwa na meza ndefu, taa ya shingo, trei za mchanga za kuegeshea vipande visivingirike, mashine ndogo ya kuchokonolea iliyonunuliwa kwa daktari wa meno, na makabati yenye droo mpaka darini. Ukivuta droo unakuta taya limelala juu ya pamba. Ukivuta nyingine, kidole. Watu walioishi kabla lugha yoyote tunayoijua haijazaliwa, na sasa wanakaa kwenye droo kama vijiko.

Pembeni yalipangwa makoti. Wachimbaji wakikuta mfupa dhaifu hawauchomoi. Wanakata bonge zima la udongo ulimo, wanalivika magunia yaliyochovywa plasta, likikauka wanalipakia garini. Hilo ndilo koti. Na makoti yana tabia ya kulia. Plasta inapasuka, udongo ndani unajikunja, na wewe umeinama na brashi yako unasikia *tak* nyuma ya kisogo. Wageni huruka. Fundi wa plasta, mzee mwenye maneno aliyekuwa akimimina nakala za mafuvu na mifupa kwa ajili ya maonyesho, aliwatuliza kwa njia yake. "Anageuza ubavu tu huyo. Angekuwa wewe ungelala upande mmoja miaka yote hiyo?" Wakimuuliza kama haogopi kushinda na maiti, alijibu, "Kufa kufaana. Hawa wasingekufa, mimi ningekuwa napiga lipu nyumba za watu."

Brashi hakucheka sana siku hizo. Zamani alikuwa mcheshi kuliko huyo mzee, lakini yalimpata ya kumpata.

Kazi hiyo alitafutiwa na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, aliyekuwa mchimbaji. Huyo mdogo mtu alipanda paa la jiko akiwa mtoto, akaanguka, akavunjika mtulinga, ule mfupa mwembamba unaotoka chini ya koo kwenda begani. Mama yao alimkanda kila jioni kwa mafuta ya uvuguvugu, akisukuma kwa kidole gumba, taratibu, kutoka ndani kwenda nje. Mfupa uliunga, lakini ukaacha kinundu, na bega moja likabaki juu kuliko jingine. Wenzake wakamwita Bawa. Naye alilipenda jina hilo. Akiwa anasalimia watu kwa mbali alilipandisha lile bega makusudi.

Mwaka wa mvua kubwa, wachimbaji walipiga kambi kwenye korongo. Kwao jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha huko milimani, ambako hakuna aliyeiona, na maji yakashuka ghafla na kelele kama lori. Wote walikimbia juu. Bawa alirudi kuchukua turubai lililokuwa limefunika mifupa, na hapo ndipo walipomwona mara ya mwisho. Walitafuta, wakatafuta, wakarudi na kiatu kimoja.

Mama yake alikishika kile kiatu, akakigeuza, akakiweka chini. "Hiki ni kiatu," alisema. "Mimi nilizaa mtu."

Tangu siku hiyo mlango wa nyumba yao haukufungwa komeo. Ulirudishiwa tu. Majirani waliwaonya juu ya wezi, na mama akawajibu kwamba mwizi hawezi kumwibia zaidi ya alivyokwisha kuibiwa. Baadaye macho yake yakafifia mpaka akabaki anaona mwanga na giza tu, moyo nao ukaanza kumsumbua, miguu ikavimba. Daktari akamwambia Brashi amwandae mama. Lakini utamwandaaje mtu anayengoja? Alikataa kulala chumbani. Alilala kwenye kochi la sebuleni, kichwa kikielekea mlangoni, na kila upepo ukisukuma mbao aliinua shingo. Brashi alikuwa na ombi moja tu maishani, nalo lilikuwa mama yake asife akiwa ameinua shingo namna hiyo.

Na ubaya wa kazi yake ni kwamba alijua mengi. Watu wanadhani mifupa hukaa ardhini ikitungoja. Thubutu! Karibu wote waliokufa duniani hawakuacha hata jino. Fisi anatafuna, jua linapasua, mizizi inanyonya, kwato zinaponda, mchwa wanamalizia. Ili mtu abaki, ni lazima tope limmeze upesi, kabla fisi hajapata harufu, limbane asipate hewa. Kisha maji yapite taratibu, tone kwa tone, yakiacha ndani ya mfupa chembe za mawe, mpaka mfupa unakuwa jiwe lenye umbo la mtu. Brashi alikuwa akiyaeleza hayo kwa wanafunzi wanaokuja kutembelea, sauti yake kavu, na moyoni akimwomba Mungu iwe tope lilimmeza mdogo wake upesi. Aliona haya kuomba kitu kama hicho. Aliomba hivyo hivyo.

Basi likaja koti kutoka korongo lile lile. Lilikuwa kubwa, likabebwa na wanaume wanne wakilalamika viuno, likawekwa mezani kwake.

Jioni hiyo alipoingia nyumbani, mama yake alikuwa amekaa wima kwenye kochi, amejifunga khanga safi.

"Umekuja na nani?" mama aliuliza.

"Niko peke yangu, Mama."

"Mh." Mama aligeuza uso kuelekea mlangoni, akasikiliza. "Haya. Mwambie asisimame nje, kuna umande."

Brashi alidhani ni dawa za moyo. Alimpa maji, akamlaza. Lakini kesho yake jioni mama alikuwa amekaa vile vile, na kesho kutwa, na kila siku alikuwa na neno. Leo kasogea. Leo ana vumbi, mpatie maji anawe. Alisema hayo bila kilio, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

Kazini, alikata plasta kwa msumeno, akaifunua kama kifuniko cha sufuria. Udongo wa juu ulikuwa laini, wa kijivu, umeparaganyika. Wa chini ulikuwa mgumu na mwekundu, ule ambao wachimbaji waliufuata. Aliona ncha nyeusi ikichungulia kutoka kwenye ule wa juu. Akainama, akaigusisha ulimi.

Ulinata. Ulinata kwa nguvu, akalazimika kuubandua, na ukamwachia ulimini ladha ya kutu. "Samahani, mwenyewe," alinong'ona, kama kawaida yake.

Mfupa ulikuwa unamomonyoka. Ukiupulizia tu unatoa unga. Na katika chumba kile kulikuwa na kanuni iliyowekwa kabla yake, ambayo kila mfanyakazi aliifuata kama mtu anavyovuta mlango nyuma yake: tia gundi kwanza, maswali baadaye. Maana mfupa unaovunjika haungoji ufikirie. Akachukua bomba la sindano, akachanganya gundi nyepesi na asetoni ya kuiyeyushia, akaudondoshea tone kwa tone. Mfupa ukanywa. Aliuongezea mpaka ukashiba na kung'aa kidogo. Ulipokauka ulikuwa imara, mweusi, mzuri. Aliulaza kwenye trei ya mchanga, akaendelea chini.

Chini yake, kwenye udongo mwekundu, palikuwa na taya. Taya la mtu wa kale, lenye meno makubwa, limelala huku kidevu kikiwa karibu kugusa pale ulipokuwa ule mfupa. Profesa aliitwa. Profesa alikuwa mama mmoja mrefu, mpole, mkuu wa chumba chao, na alipoliona lile taya alishika kiuno akacheka kwa furaha kama msichana. Wote walikuja kutazama. Ule mfupa wa kwanza ulisahaulika kwenye mchanga.

Jioni mama yake alimshika mkono alipokuwa akimpa sahani. Akauleta puani. Miaka yote alikuwa akilalamika kwamba mikono ya binti yake inanuka kaburi, akanawe. Safari hii hakulalamika. Alinusa kiganja, akanusa vidole kimoja kimoja, akakiegemeza kiganja kwenye shavu lake.

"Leo umemshika," alisema.

"Nimemshika nani, Mama?"

Mama yake hakuuachia mkono mpaka chakula kikapoa.

Asubuhi iliyofuata Brashi alifika kazini kabla ya wengine kwa sababu alikuwa hajalala. Ule mfupa bado ulikuwa na ganda la udongo kwenye ncha moja. Alikaa, akawasha mashine ya meno, akaanza kulichokonoa. Mashine ikateleza kidogo, ikagusa mfupa wenyewe.

Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Aliizima. Alikaa huku mikono ikiwa hewani. Mfupa wa kale ukiukwaruza unanuka vumbi tu, basi, kwa sababu hakuna kilichobaki ndani yake cha kuungua. Harufu ile ni ya kwato kwenye moto, ya kucha, ya kitu kilichokuwa na damu juzi juzi. Nyuma yake koti moja likalia, *tak*. Hakugeuka. Alihisi wazi kabisa kwamba akigeuka atamwona mtu amesimama kati ya makabati, bega moja juu.

Alipitisha kidole gumba juu ya mfupa, polepole, kutoka ndani kwenda nje. Katikati kidole kikapanda kinundu, kikashuka.

Fundi wa plasta alimkuta amekaa sakafuni, trei ameipakata mapajani.

"Brashi, vipi? Unaumwa?"

"Niitie Profesa," alisema. "Mwambie nimemwonja mdogo wangu."

Yule mzee alitoka mbio na aproni yake nyeupe.

Profesa alitazama kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu. Alisema ni kweli, mfupa ule ni wa mtu wa siku hizi. Tope la mafuriko liliulaza juu ya udongo wa kale, ukaingia rangi na kutoboka vitundu kama wa kale, na wachimbaji wakavika koti kila kitu pamoja. Polisi wangepewa taarifa siku hiyo hiyo, na korongo lingetafutwa upya. Kisha akavua miwani, akauliza swali alilokuwa akilichelewesha.

"Dada, umeshautia gundi?"

"Nimeutia."

"Nyingi?"

"Mpaka ukashiba."

Profesa alifumba macho. Kwa mfupa wa kale gundi ni uhai. Lakini mfupa wa kupimwa DNA, ijulikane ni wa ukoo gani, unatakiwa mkavu, msafi, bila kuguswa na dawa wala mate. Huu ulikuwa umepata vyote viwili. Walipeleka kipande maabara, na maabara ikarudisha jibu lililoogopwa: hawawezi kusema lolote. Polisi walichimba korongoni, wakapata vipande vya mbavu na kisigino, vimeliwa na chumvi mpaka vimekuwa kama biskuti. Navyo havikusema.

Brashi alikuwa amemhifadhi mdogo wake vizuri kuliko mtu yeyote angeweza, na kwa kumhifadhi akamfunga mdomo. Kinundu kilibaki, lakini vinundu ni vingi duniani. Nusu ya watoto walioanguka wanacho. Alilia chooni, akanawa, akarudi mezani. Jambo moja lilimkereketa kuliko yote: amwambie nini mama? Akimpa mfupa wa mtoto wa mwenzake alale nao roho ikitulia, huo ni uongo wa kuzikwa nao. Akikaa kimya, mama atakufa ameinua shingo.

"Mlete," Profesa alisema alipoelezwa. "Lakini tufanye kwa haki. Mama anayemtaka mwanawe atamkubali yeyote. Tutaweka mifupa mingine, asiambiwe upi ni upi. Mimi mwenyewe nitaipanga, na wewe nitakuomba utoke nje ya mlango, usije ukakohoa mahali pasipotakiwa."

Akaipanga kwenye trei ya mchanga. Baadhi zilikuwa nakala za fundi wa plasta, mingine mifupa ya kweli kutoka sanduku la kufundishia, yote mitulinga. Akatafuta makusudi mmoja uliowahi kuvunjika na kuunga, wenye kinundu kama cha Bawa. Na yote ilipakwa gundi ile ile, hivyo kwa kunusa na kwa kugusa ngozi yake ilikuwa sawasawa.

Mama alikuja mchana, ameshikwa mkono na mjukuu wa jirani, amevaa ile khanga safi. Mlangoni alisimama. "Kumbe mnakaa wengi humu," alisema, na akaitikia salamu ambayo hakuna aliyeitoa. Fundi wa plasta alitazama droo.

Brashi alitoka, lakini mlango ulikuwa na kioo, na Profesa hakumkataza kutazama.

Mama alikalishwa. Hakuambiwa chochote zaidi ya kwamba aguse, aseme. Alianza kushoto. Nakala ya kwanza akaiacha mara moja. "Chokaa," alisema. Fundi wa plasta akainamisha kichwa, maana alikuwa akiringia nakala zake. Mfupa wa pili aliupitia, wa tatu akaupitia. Wa nne akasimama. Kidole gumba kilipanda kinundu, kikarudi, kikapanda tena. Nje ya kioo Brashi alijua kwa umbo lake kwamba sio wenyewe. Ulikuwa ule wa sanduku la kufundishia. Akauma khanga asipige kelele.

"Huyu naye alivunjika," mama alisema taratibu. "Lakini huyu hakukandwa na mtu. Maskini, aliachwa apone mwenyewe." Akaupapasa kidogo kama unavyompapasa mtoto wa jirani, akaulaza chini.

Akaendelea. Mkono wake ulifika kwenye wa mwisho kasoro mmoja, na pale haukutafuta kitu. Kidole gumba kilianza chenyewe, kutoka ndani kwenda nje, taratibu, kikapanda kinundu kikashuka, kikarudi ndani, kikaanza tena. Hakusema ndio, hakusema ni huyu. Alikuwa anakanda. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kimyakimya, hesabu ile ile ya jioni za zamani, mafuta yalipokuwa yakipata uvuguvugu jikoni. Profesa alisimama akaenda kutazama ukuta dirishani.

Baada ya muda mama alifuta kidole kwenye khanga. "Mmempaka nini mwanangu? Anateleza."

"Ni gundi, Mama," Brashi alisema kutoka mlangoni, maana alikuwa ameshaingia bila kujijua. "Ni mimi niliyempaka. Nilimpaka nikidhani ni mtu wa kale. Nimeharibu, Mama, sasa hawawezi kupima..."

"Wapime nini?" mama aliuliza, kwa mshangao wa kweli. "Alikuwa anavunjika?"

"Alikuwa anavunjika."

"Ukamuunga."

"Nikamuunga."

"Basi."

Kwenye karatasi za serikali ule mfupa bado umeandikwa wa mtu asiyejulikana, na Profesa, ambaye hakuwa mtu wa kusema asilolijua, hakuibadilisha karatasi. Alisaini tu ile ya kuruhusu maziko. Walimzika kwenye kaburi fupi, ule mtulinga pamoja na vile vipande kutoka korongoni. Fundi wa plasta alikaa mbali na watu, akilia kwa sauti bila aibu.

Jioni ya siku hiyo, waombolezaji walipokwisha kwenda, Brashi alisafisha sebule, akatandika kochi kama kawaida. Mama yake alikuwa amesimama ameshika ukuta.

"Hapo usitandike. Leo nalala chumbani."

Brashi alimpeleka, akamlaza, akamfunika miguu. Shingo ya mama ililala kwenye mto kwa mara ya kwanza baada ya miaka, ikazama kabisa. Alikuwa anarudi sebuleni kuzima taa aliposikia anaitwa.

"Mwanangu, funga mlango."

"Nimeurudishia, Mama."

"Funga kwa komeo," mama alisema, akipiga miayo. "Wote tumeshaingia."

Komeo lilikuwa limeshika kutu, akalisukuma kwa mikono miwili mpaka likaingia. Akabaki amesimama akiwa amelishika, uso kwenye mbao. Nyuma yake kochi lilitoa mlio mdogo, kama linavyolia mtu mzito akikaa taratibu. Brashi hakugeuka.

"Samahani, mwenyewe," alinong'ona. Akazima taa.